Sahani Ikienda, Iache Iende: Mwongozo wa Kutoa Bila Kungoja Kulipwa

Ukikaa Wete, Pemba, mwezi mmoja tu utajua kwamba sahani hairudi tupu. Jirani anakuletea mkate wa kumimina umefunikwa kawa. Unapokea, mnakula, unaiosha sahani, kisha inakaa juu ya kabati inakutazama mpaka upate cha kuitilia: machenza matatu, vipande vya shelisheli la kukaanga, au hata sukari kidogo. Ukiirudisha tupu hakuna atakayekusema mbele yako. Utasemwa nyuma.

Nilifundisha Pemba miaka sita kabla ya kurudi Unguja, na desturi hii naipenda. Sisi Wakristo wa visiwani, wachache kama tulivyo, tunaishi ndani yake kama kila mtu. Ila inatuzoesha hesabu. Kila kinachotoka mlangoni kwako kinaandikwa mahali fulani kichwani, na kila kinachoingia vilevile.

Luka 14 inamkuta Yesu amealikwa chakula nyumbani kwa mkubwa mmoja wa Mafarisayo. Anamgeukia mwenyeji wake na kumwambia: ukifanya karamu usiwaite rafiki zako, wala ndugu zako, wala jirani zako wenye mali, wasije wao nao wakakualika, ukawa umekwisha kulipwa. Waite maskini, vilema, viwete na vipofu, nawe utakuwa heri kwa kuwa hao hawana cha kukulipa. Maneno hayo niliyasikia kanisani miaka mingi bila kushtuka. Yalinishtua jioni moja nilipoyasoma huku sahani ya jirani ikiwa juu ya kabati langu, nami nikiwazia machenza.

Sikwambii uache kupelekeana sahani. Huo ni ujirani, na bila huo hapa hakukaliki. Ninachokusudia hapa ni kile kinachoanzia pale ambapo sahani haina njia ya kurudi. Nimekipanga kwa hatua kwa sababu moyo peke yake haujanitosha. Mara nyingi nimetoa kwa moyo mkunjufu asubuhi na kujuta kabla ya magharibi.

Hatua ya 1: Gawa mafungu kabla mshahara haujatoka

Chukua karatasi, andika mafungu matatu.

La kwanza ni wajibu. Humo wamo watoto, wazazi, mdogo wako anayesoma, na shangazi anayepiga simu kila tarehe 28. Wengi wetu tuna asili ya Bara, na pesa unayomtumia mama yako Muheza au Masasi usiiite sadaka. Paulo anamwambia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani (1 Timotheo 5:8), kwa hiyo hilo ni deni lako. Fungu la kumi na michango ya kanisa iweke hapo hapo. Najua wapo watakaobisha, lakini kanisa linakurudishia paa la kusalia na padri wa kukuzika. Si haba.

La pili ni ujirani: sahani, michango ya arusi, rambirambi, mchezo wa upatu. Haya yana daftari lake, na yanarudi kwa zamu.

La tatu ndilo la kutoa. Liwe dogo, lakini liwe na mahali pake. Mimi nilianza na shilingi 15,000 kwa mwezi, ndani ya kopo tupu la maziwa. Mjane wa Marko 12 alitia senti mbili tu, ila zilikuwa zake. Pesa ya kodi usiitoe, na ya upatu ambayo wenzako wanaingoja usiiguse. Anayetoa kile asichonacho hukidai baadaye, kama si kwa mdomo basi kwa macho.

Hapa niseme jambo moja linaloniudhi. Siku hizi unasikia mahubiri ya “panda mbegu uvune mara mia”: toa 50,000 leo, Mungu atakupa nyumba. Huo ni mchezo wa upatu ambao Mungu amewekwa kuwa kijumbe, yule anayekusanya na kugawa pesa. Biblia inasema kweli kwamba amhurumiaye maskini humkopesha Bwana (Mithali 19:17), lakini mtu anayekwenda kila Jumapili kuangalia kama mkopo wake umeiva, maskini yule ameshamsahau zamani. Ukiona unatoa kwa hesabu hiyo, bora pesa uipeleke benki. Huko angalau wanaandikiana.

Hatua ya 2: Jiulize unangoja nini

Hii ndiyo hatua ngumu, na ninaiweka mapema kwa sababu niliiruka nikaumbuka mwenyewe.

Mtaani kwetu Unguja kulikuwa na mama wa watoto wanne, mumewe mvuvi. Kipindi cha upepo wa kusi kilikuwa kibaya, na ngalawa ya mumewe ilikaa mchangani siku nyingi. Siku moja nilikuwa dukani nikasikia mwenye duka, Mpemba kama wenye maduka wengi wa mtaani, akimwambia mtoto wa yule mama: “Mwambie mama daftari limejaa.” Mtoto akaondoka na kikapu chake kitupu. Nikasubiri watu wapungue, nikauliza deni ni kiasi gani. Shilingi 38,500. Kopo langu lilikuwa na 45,000. Nikalipa, nikasema, “Usimwambie ni nani.” Akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari kwenye ukurasa ule kutoka juu mpaka chini, akaandika “imelipwa”, akafunga daftari. Hakuniuliza neno.

Nilirudi nyumbani nimefurahi mno. Mkono wa kushoto haukujua ulichofanya wa kuume, kama Mathayo 6:3 inavyotaka.

Kisha nikaanza kumtazama. Asubuhi tukikutana bombani ananisalimu kama siku zote, “Hujambo, mwalimu?”, na kuendelea na ndoo yake. Wiki ya kwanza nikaona sawa. Wiki ya pili nikawa nangoja labda atasema kitu, labda ameshajua. Wiki ya tatu nikamwona mwanawe ana makubadhi mapya, nikamwambia mume wangu: “Watu wengine hawana haya.”

Mume wangu akauliza, “Amekufanya nini?”

Sikuwa na la kujibu. Yule mama alikuwa hanidai wala simdai. Hakujua hata kama ni mimi. Mkono niliuficha, kumbe jicho lilikuwa limebaki dukani kwenye ule ukurasa.

Tangu hapo, kabla sijatoa, najiuliza swali moja kwa sauti, peke yangu: mtu huyu akipokea, na kesho akanipita njiani bila kunisalimu, nitaumia? Jibu likiwa ndiyo, natafuta ninachokingoja. Mara nyingi ni shukrani, lakini si kila mara. Kuna anayengoja kupewa nafasi ya mbele kwenye shughuli. Kuna anayengoja kura. Kuna anayetaka tu aonekane ameweza, hasa na ndugu waliomdharau zamani. Na mwingine anataka aliyepewa abadilike, aache uvivu, aache kuzaa, aje kanisani. Ukishakijua unachokingoja, unaweza kukiacha ukatoa, au ukaona huwezi kukiacha ukapunguza kiasi mpaka kifike kile ambacho hutakikumbuka. Mimi mara nyingi hupunguza. Shilingi 5,000 niliyoisahau imenifaa kuliko 38,500 niliyoihesabu wiki tatu.

Waswahili tuna neno la mwisho wa njia hii: kusimbulia, au kusimanga. Ni pale ugomvi unapozuka na wewe unafungua kapu: “Nani alikulipia nauli? Mchele ule ulikula wa nani?” Kanuni yangu ni kwamba nilichotoa hakitajwi wakati wa ugomvi, hakitajwi kwa utani, na hakitajwi kwa mume wangu. Hili la mwisho ndilo linalonishinda.

Hatua ya 3: Ijue kalenda ya shida

Watu wenye shida kubwa mara nyingi hawaombi. Wanaoomba wana haki yao ya kusikilizwa, lakini ukiwangoja hao tu utawakosa wengi, na visiwani shida ina majira yake. Yajue.

Aprili na Mei, masika, hoteli za pwani hupungukiwa wageni, nyingine hufungwa kabisa. Vijana wa Nungwi, Paje na Kiwengwa hurudi nyumbani bila mshahara. Wengi wao ni wa kutoka Bara, hawana shamba wala mjomba hapa. Kanisani utawajua: Krismasi walikuwa wanatoa noti, masika wanakaa nyuma na kutoka kabla ya matangazo. Juni mpaka Agosti kusi inavuma, na mwenye chombo kidogo anabaki pwani akishona nyavu. Januari ni sare na daftari za skuli. Kwa Pemba, msimu wa karafuu ukiwa mzuri hata mtoto ana senti mfukoni, lakini mwaka ambao mikarafuu haikuzaa, Wete yote inanong'ona.

Nani wa kuuliza? Mwenye duka anajua zaidi ya mchungaji. Mwalimu wa darasa anajua mtoto gani anasinzia kwa njaa. Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, anajua nyumba zenye wagonjwa wa kulala, ingawa kwa sheha nenda na heshima na usiulize ya watu kwa wingi. Uliza kwa mtindo wa “nina mchele kidogo, kuna nyumba unayodhani itaufurahia?”, usiulize “nani maskini hapa?” Swali la pili linatengeneza orodha, na kesho orodha hiyo itakuwa mitaani.

Kisha toa kinachohitajika. Mgonjwa anayelala hospitali ya Mnazi Mmoja ana haja na nauli ya mtu wa kumpelekea chakula kuliko sala yako ya dakika ishirini kitandani. Yakobo alishatusema: ukimwambia aliye uchi na mwenye njaa “nenda zako kwa amani, ukaote moto na kushiba” bila kumpa kitu, umemfaa nini?

Hatua ya 4: Ukimpa jirani Mwislamu, mpe mkono mtupu wa ndoano

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na karibu wote ni Waislamu. Kwa hiyo Mkristo wa hapa akitii Luka 14 sawasawa, wengi atakaowapa si wa kanisani kwake. Hapa pana mambo ya mikono na pana jambo la moyo.

Ya mikono kwanza. Peleka kikavu kuliko kilichopikwa: mchele, unga wa ngano, sukari, tende, tambi, mafuta ya kupikia. Jirani yako anaweza kuwa anakupenda sana na bado asiwe na uhakika na sufuria yako, na hatakwambia. Atapokea, atashukuru, kisha atahangaika akiweke wapi. Ukitaka kupeleka nyama, nunua buchani au mchinjishe kuku wako kwa Mwislamu, na utaje kwa wepesi ni nani aliyechinja. Kwa ajili ya Ramadhani peleka siku za mwisho za Shaabani, watu wanapoweka akiba, usije na mfuko magharibi watu wameshika tende. Asipigwe mtu picha akipokea, na wewe usiiombe.

Jambo la moyo ni hili. Usitie karatasi ya mahubiri ndani ya mfuko wa mchele. Usimwalike kanisani wiki ile ile uliyompa. Usimwambie “Yesu amekutumia hiki” kwa sauti inayongoja jibu. Najua ndugu watanijia juu: je, Injili tuinyamazie? Hapana. Akikuuliza kwa nini umefanya hivi, mwambie ukweli wako, kwa ufupi, na ukimaliza muulize mtoto wake anaendeleaje. Lakini “mmepata bure, toeni bure” (Mathayo 10:8) haina kifungu kidogo chini. Mchele unaongoja roho ya mtu umepimwa bei, na bei yenyewe ni kubwa kuliko ya dukani. Tena watu wa hapa si wajinga. Chambo wanakijua, wameishi na bahari tangu kuzaliwa.

Nikihitaji kukumbushwa, naenda Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Kianglikana la mjini Unguja. Soko la watumwa la pale lilifungwa 1873, Seyyid Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi, naye amelala nyuma ya altare tangu 1882. Hayo viongozi wa watalii wanayasema kila siku. Ambalo halisemwi sana ni kwamba sehemu ya kiwanja ilitolewa na Jairam Senji, mfanyabiashara Mhindu, na saa ya mnarani ilitolewa na Barghash mwenyewe. Baniani na Sultani Mwislamu, na kanisa si la huyu wala la yule. Nikipita pale chini ya mnara huwa natazama saa hata kama sina haraka.

Hatua ya 5: Ficha mkono, lakini usizue uvumi

Kutoa kwa siri visiwani ni kazi ya ufundi, kwa kuwa hakuna siri. Ukituma kwa simu, ujumbe unafika na jina lako kamili. Ukituma mtoto, mtoto atasema. Ukiweka gunia mlangoni usiku, asubuhi shehia nzima itakuwa inajiuliza ni chama gani, na mwaka wa uchaguzi usithubutu kabisa. Nimeshaona familia ikikataa kula unga kwa siku tatu kwa sababu hawakujua umetoka kwa nani na unataka nini.

Njia zilizonifaa ni tatu. Daftari la duka ndiyo bora, nayo inaheshimu mtu kwa sababu anaendelea kukopa na kununua kama wengine. Chagua mwenye duka asiyependa maneno. Ya pili ni mwalimu mkuu au mwalimu wa darasa: sare, viatu, nauli ya daladala kwa muhula, vyote vinapita kwake bila jina. Ya tatu ni kumpitishia mtu mzima anayeaminika mtaani, bi mkubwa ambaye tayari anapelekea watu vitu, ili chako kichanganyike na chake. Atasifiwa yeye. Ukiona hilo linakuchoma, rudi hatua ya 2.

Pale ambapo siri haiwezekani, toa wazi, upesi, na uondoke. “Nimepita tu, chukua hiki, narudi kazini.” Usikae kitako ungoje chai.

Hatua ya 6: Mkopo

Hapa ndipo udugu mwingi unapovunjika. Yesu katika Luka 6 anasema tukopeshe bila kutumaini malipo, na watu hulisoma hilo kama shairi. Mimi nalisoma kama maelekezo ya fedha.

Mtu akija kukuomba 100,000, kwanza jiulize ni kiasi gani unaweza kukizika bila matanga. Tuseme ni 30,000. Basi usimkopeshe 100,000. Mpe 30,000 na mwambie pale pale, mkononi mwake, kabla hajaanza kuahidi: “Ndugu yangu, laki sina. Hii thelathini ni yako, si mkopo, usinirudishie.” Sema mara moja, usirudie. Atataka kuahidi tarehe. Mzuie kwa upole, kwa kuwa ahadi hiyo ikishatoka mdomoni itamfanya akukimbie njiani. Nimepoteza rafiki kwa shilingi 60,000. Hakuwa mwizi, alikuwa na haya. Alikuwa akiniona Darajani anapinda kichochoro, nami nilikuwa namuona akipinda. Laiti ningempa ishirini zikawa zake, leo angekuwa anakuja kwangu Krismasi.

Kama kweli ni mkopo wa biashara, andikianeni kama wafanyabiashara, na huo uhesabu nje ya fungu la tatu. Kinachoharibu ni ule wa katikati, unaoitwa msaada siku ya kutoka na deni siku ya kurudi.

Hatua ya 7: Asiyeshukuru, na anayekudanganya

Katika wakoma kumi wa Luka 17 alirudi mmoja. Yesu aliuliza wale tisa wako wapi, lakini hakuwarudishia ukoma. Na hapo Luka 6 imeongeza kwamba Aliye Juu ni mwema kwa wasiomshukuru, na waovu. Sijui faraja nyingine kwa mtoaji aliyepigwa mateke ya punda.

Wahenga wetu walilimaliza kwa maneno sita: tenda wema wende zako, usingoje shukrani. Hapo “wende zako” ndiyo kazi.

Kudanganywa ni jambo lingine. Kutoa bila kungoja malipo si kutoa bila macho. Kijana aliyetekwa na unga, anayekuomba nauli ya boti ya kwenda Mkoani, Pemba, kila siku na boti haondoki nayo, usimpe pesa. Mnunulie urojo, ule naye pale pale, na kama anataka, msindikize nyumba ya kuachia dawa. Akikataa, umekula urojo. Lakini angalia hekima isigeuke kisingizio. Nimekaa kwenye kamati ya huduma ya kanisa ambapo tulijadili saa mbili kama mjane mmoja “anastahili”, tukanywa soda za thamani ya mchele wake wa wiki. Tangu 2016 Serikali ya Zanzibar imekuwa ikimpa pencheni kila mzee wa miaka 70 na zaidi, ilianza na 20,000 kwa mwezi, tajiri na maskini, bila kumuuliza alichangia nini. Ukifika umri unapewa. Kamati yetu ilikuwa inataka barua tatu.

Hatua ya 8: Sahani inaporudi

Itarudi. Utampa mtu kwa siri au kwa wazi, na siku moja atagonga hodi na fungu la mchicha, au dafu mbili, au samaki mmoja wa changu aliyefungwa kwenye jani. Usikatae. Kuna watoaji wanaojidai kwa kukataa: “Hapana, hapana, mimi sikutoa ili nirudishiwe.” Kwa hilo umemwambia yeye ni wa kupokea tu, siku zote. Kutongoja malipo kunakuhusu wewe. Yeye ana haki ya kutoa kama wewe, na “ni heri kutoa kuliko kupokea” (Matendo 20:35) imeandikwa na kwa ajili yake pia. Pokea kwa mikono miwili, pika siku hiyo hiyo, na ukikutana naye kesho mwambie samaki alikuwa mtamu. Basi. Usimrudishie kitu kikubwa zaidi wiki ijayo. Hapo utakuwa unashindana naye.

Kupokea ni kitu cha kujifunza. Wakristo wa Unguja tunapenda kujiona watoaji, tukisahau kwamba kanisa letu lilianza kwa watu walioteremshwa majahazini bila kitu. Mbweni, shamba ambalo misheni ya Kianglikana ililinunua 1871, walikaa watu waliokombolewa utumwani ambao hawakuwa na senti ya kumlipa yeyote.

Mimi nilijifunza kwa mguu. Niliteleza ngazini masika moja nikavunjika kifundo, nikakaa ndani wiki tano. Siku ya pili akaja bi mkubwa wa nyumba ya chini, mjane, ambaye kwa hesabu zangu alikuwa mtu wa fungu langu la tatu. Alileta uji wa mtama kwenye jagi, umetiwa pilipili manga. Nikanywa. Alipoondoka tu nikamwita mwanangu nikampa kilo mbili za sukari, nikamwambia, “Mpelekee bibi, mrudishie na jagi lake.”

Mtoto akarudi baada ya dakika tano na sukari yote.

“Bibi kasema jagi amelipokea. Kasema, mwambie mwalimu mimi sikuuza uji.”

Sukari nikairudisha kabatini. Asubuhi yake jagi lilipanda tena ngazi, na asubuhi iliyofuata, mpaka siku niliyoweza kushuka mwenyewe kwenda kumsalimu, mikono mitupu.